Mlango wa Gereji Chini ya Chumba cha Mama Mkwe

Nakumbuka adhuhuri moja ya Januari, mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilirudi nyumbani mapema kwa sababu theluji ilikuwa imeanza kuanguka, nikamkuta mama mkwe wangu amekaa kwenye kigoda katika chumba cha kufulia, mgongo ameuegemeza kwenye mashine ya kukaushia nguo. Mashine inazunguka, naye ana tasbihi mkononi na mtandio ameufunga mpaka kidevuni. Ndani ya mashine mlikuwa na taulo moja tu.

"Nakausha taulo, mwanangu," akaniambia, akainuka haraka kama mtu aliyefumaniwa.

Nikamwambia ahsante, nikapita zangu. Mwanangu, hapo ndipo ujue nilivyokuwa mjinga. Wewe umenipigia simu juzi kuniuliza ununue mlango gani wa gereji kwa hiyo nyumba yako mpya utakayowapokelea wazee wako, ukanisomea rangi zake zote, nikacheka peke yangu mpaka mke wangu akaniuliza kulikoni. Basi tulia nikueleze, maana na mimi nilianzia kwenye rangi.

Tulikuwa tumenunua nyumba yetu ya kwanza, huku Marekani, si mbali na Greenbelt. Mimi nilikuwa nafanya kazi mapokezi ya hoteli, Zuhura mke wangu alikuwa na mimba ya mtoto wetu wa kwanza, na mama yake, Bi Mwanaisha, alikuwa anakuja kutoka Mombasa kumlea mzazi siku zote arubaini. Ndiye atakayemkanda kwa maji ya moto, ampikie uji wa pilipili manga, amfundishe kumshika mtoto. Ndugu mwingine hatukuwa naye nchi nzima. Na chumba cha kumweka kilikuwa kimoja tu, kile kilicho juu ya gereji, chenye ngazi zake peke yake.

Mlango wa gereji tulioukuta ulikuwa umeoza, nikasema nitatia mpya kabla mgeni hajafika. Sisi watu wa Pwani unatujua, kwetu mlango ndio uso wa nyumba. Nikachagua wa bati jepesi, rangi ya damu ya mzee, juu una safu ya vioo vilivyokatwa mfano wa upinde. Muuzaji alinionyesha mwingine, mnene, umejazwa povu gumu katikati, akaniambia huo ndio wa baridi ya hapa. Nikamjibu kwamba gari langu halisikii baridi. Nilijiona nimesema la maana sana. Mafundi walipoufunga mahali pake, nilivuka barabara mara tatu kwenda kuutazama kwa mbali.

Bi Mwanaisha akafika, mtoto akazaliwa kwa upasuaji, na Zuhura akatandikiwa kitanda sebuleni kwa kuwa daktari alimkataza ngazi. Mkwe akalala juu. Kila asubuhi nilimpikia chai kabla ya kutoka kwenda kazini, nikamuuliza, "Mama, umelalaje?" na kila asubuhi akanijibu, "Nimelala vyema, alhamdulillahi." Mimi kuwauliza watu swali hilo ndiyo ilikuwa kazi yangu, na wageni wa hotelini hawakuwa wakimung'unya maneno: mto mgumu, bomba linapiga kelele, jirani anakoroma. Kwa hiyo mtu akiniambia amelala vyema, nilimwamini. Nikasahau kuwa huyu ni mkwe wangu, na mkwe wa kwetu hawezi kumwambia mume wa bintiye kwamba chumba alichompa ni kibaya. Nami, kwa heshima ile ile, sikuwahi kukanyaga chumbani kwake tangu alipofika. Tukaendelea hivyo, yeye hasemi na mimi siingii, huku kila mmoja akimwona mwenziwe ni mtu wa adabu sana.

Siku chache baada ya ile taulo, mtoto akiwa na siku kumi na tatu, Zuhura akanipigia simu kazini analia.

"Mama anataka kurudi. Anasema amekumbuka nyumbani. Umemwambia nini?"

"Sijamwambia kitu."

"Basi umemfanya nini? Mama yangu namjua, haondoki hivi hivi. Mimi na hii operesheni, na baby, sita-manage peke yangu."

Tiketi ilikuwa imeshabadilishwa, aondoke Jumapili. Yule mama nilimpenda, nilimwogopa pia, na nilijua akiondoka kabla ya arubaini Mombasa nzima itauliza amekosewa nini. Lakini zaidi ya maneno ya watu, niliogopa kumwacha Zuhura na kidonda chake na mtoto mchanga, mimi nikitoka kwenda kazini saa kumi na moja alfajiri.

Nikafanya kama tunavyofanya kwetu, nikatafuta mtu mzima aje atupatanishe. Mzee Athman, mtu wa Lamu, alikuwa akikaa College Park, mji wa jirani. Ujana wake alikuwa seremala, na huku Marekani kazi yake ilikuwa kuwafungia watu milango ya gereji mpaka alipostaafu. Alikuja Jumamosi asubuhi, kofia kichwani na koti zito juu ya kanzu, tayari kusikiliza kesi ya mkwe na mkwewe. Nilimpitisha gerejini kwa sababu ngazi za mbele zilikuwa na barafu. Akasimama. Akaweka kiganja kwenye mlango kwa upande wa ndani, akakiondoa, akakipuliza.

"Juu hapa pana nini?"

"Chumba cha Mama."

"Umepata kulala humo?"

"Mzee, ni chumba cha mkwe wangu."

"Sikukuuliza ni cha nani."

Akaingia ndani, akamwamkia Bi Mwanaisha, akamwomba ruhusa kwa maneno ya taratibu, kisha akaniamuru nivue koti na viatu nikakae kule juu nusu saa wakati yeye anakunywa kahawa. Mwanangu, nilikaa. Dakika kumi hazijaisha, nyayo zangu sizisikii. Hewa ya moto ya kupasha nyumba ilikuwa ikitoka kwenye tundu lake vizuri tu, lakini sakafu ilikuwa baridi kama ndani ya friji. Juu ya kitanda palikuwa na mablanketi matatu, juu yake makoti yake yote mawili, na kanga alizokuja nazo amezitandika zote chini ya shuka. Hapo ndipo nilipoielewa ile taulo, na ule mgongo ulioegemea mashine. Nililia, sikufichi, mtu mzima na ndevu zangu.

Niliposhuka, Mzee Athman hakunipandishia sauti.

"Ule mlango umewanunulia majirani," akasema. "Wao ndio wanaouona. Anayelala juu yake hukumfikiria. Baridi inapita kwenye hilo bati jepesi, inajaa gerejini na kumpandia sakafuni."

"Nimemuuliza kila siku, Mzee."

"Umemuuliza swali lenye jibu moja. Ungelala humo mwenyewe kabla hajaja."

Hukumu yake ilikuwa fupi. Bi Mwanaisha ahamie chumbani kwangu, mimi nilale juu ya gereji mpaka mlango mwingine ufungwe. Mama akakataa katakata, akasema yeye hana shida yoyote, baridi ameizoea. Mzee akamwambia, "Dada, muache naye aonje." Zuhura alicheka mpaka akashika mshono. Bi Mwanaisha akainama, na mara nikamwona mabega yanatikisika, anacheka na yeye. Safari akaiahirisha, akasema atangoja auone huo mlango.

Jumatatu Mzee akanipeleka dukani. Hakutazama rangi hata moja. Aligonga milango kwa vidole, ule mtupu ukalia kama debe, uliojazwa ukajibu kama gunia la mchele. Akanionyesha namba iliyoandikwa kando ya herufi R, kwamba ikizidi kuwa kubwa ndivyo mlango unavyozuia baridi zaidi, akaniambia nisiishie hapo, niulize kama povu limejaa mlango mzima au ni vipande vilivyobandikwa tu nyuma. Bati liwe pande zote mbili. Akapima mpira wa kuziba nafasi, wa chini na wa pembeni, kwa sababu baridi haihitaji zaidi ya ufa. Akaulizia springi za kuuinua, maana mlango mnene una uzito wake na springi za ule mwepesi zingekatika. Mwisho akanipandisha ngazi kujaza dari ya gereji sufi ya kuzuia baridi, kwani mlango peke yake hauponyi kila kitu. Mimi wakati huo nilikuwa nikilala na soksi mbili mbili, na kwa siku tisa niliulalia ujinga wangu.

Mlango ulipofungwa ulikuwa mweupe, hauna kioo hata kimoja. Sikuvuka barabara kuutazama.

Bi Mwanaisha akarudi chumbani kwake, nami sikumuuliza amelalaje, niliona haya. Asubuhi ya tatu akashuka, akaketi, akasukuma kikombe mbele.

"Mwanangu, kile chumba sasa kimezidi joto, jana nimefungua dirisha. Na hii chai yako nimeinywa mwezi mzima nikinyamaza. Haina tangawizi, haina maziwa ya kutosha, haina maana."

Zuhura akaficha uso kwenye mto. Mimi nilifurahi kuliko siku niliyokabidhiwa funguo za nyumba. Kwa mara ya kwanza yule mama alikuwa amenilalamikia kama anavyowalalamikia wanawe wa kuwazaa. Alikaa arubaini zote, akaongeza na mwezi mwingine, na kila siku alikuwa na la kunikosoa.

Kwa hiyo usinisomee rangi, mwanangu. Nunua mlango mnene uliojaa, uguse kwa ndani asubuhi ya baridi, ukague mpira wake, ujaze na dari. Kisha chukua mto wako, ukalale mwenyewe katika kile chumba unachotaka kumpa mama yako, bila ya blanketi la ziada. Na akishafika, usitosheke na jibu lake la adabu. Mtazame amekaa wapi mchana.

Mwenyezi Mungu aitie baraka nyumba yako, awalete wazee wako salama, na akujaalie wakuzoee mpaka waweze kukwambia uso kwa uso kuwa chai yako ni mbaya. Amin.