Mdomo Ulivyoniponza: Niliiita Kompyuta ya Idara "Mfanyakazi Mwenzetu"

Wakuu, heshima kwenu. Vijana, marahaba hata kabla hamjaniamkia.

Nimesoma uzi wa yule kijana anayelalamika kwamba bosi wake amechomoa server ya ofisi ili achaji simu. Nimecheka mpaka mke wangu akaja kuangalia kuna nini.

Kijana, pole, ila hujaona kitu. Kaa nikupe ya kwangu. Majina nimebadilisha na chuo sikitaji, lakini yaliyotokea ndiyo haya haya, sijatia chumvi.

Ilikuwa miaka ya sabini, Ujamaa umepamba moto. Nilikuwa nakaa Temeke, kila asubuhi napiga baiskeli hadi Kurasini, ambako idara moja ya utafiti ya chuo hicho ilikuwa na jengo lake karibu na bandari. Kazi yangu ilikuwa kutunza kompyuta.

Kompyuta moja. Inajaza chumba kizima, na akili yake haifikii ya hiyo simu yako ya vitufe.

Data zote zilikuwa kwenye punch card, yaani kadi ngumu zilizotobolewa matundu. Unazipanga, mashine inazimeza moja moja na kuyasoma matundu. Adui yao ni unyevu, na Kurasini unyevu ni wa bure. Kadi ikila unyevu inavimba, ikivimba inakwama, ikikwama mashine inaitafuna. Ndiyo maana kile chumba kilikuwa na kiyoyozi kinachowaka saa ishirini na nne.

Kiyoyozi pekee jengo zima. Ishu ilianzia hapo.

Mwenyekiti wa kamati ya wafanyakazi alikuwa ndugu Mponda, karani wa masjala. Mtu mwema kweli, mwenye kuamini anachosema, na hao ndio wagumu kubishana nao. Akaitisha mkutano. Hoja yake: inakuwaje wapiga chapa wanatoka jasho, halafu chuma kinapulizwa upepo wa baridi peke yake?

Wakuu, ningesema tu kwamba kadi zinavimba, yangeisha. Ningechukua kadi moja iliyovimba nikawaonyesha.

Lakini ujana una mambo. Nikasimama, nikakohoa kidogo, nikasema:

"Ndugu Mwenyekiti, mashine hii si chuma tu. Ni mfanyakazi mwenzetu. Inafanya kazi usiku na mchana, haijawahi kulalamika. Tusiinyime hewa!"

Makofi. Watu walipiga makofi jamani. Nikakaa kifua mbele.

Bi Zuhura, mama aliyekuwa akitupikia chai, akauliza kutoka nyuma:

"Hee! Usiku na mchana? Hata kulala hailali?"

"Hailali, mama," nikajibu kwa fahari.

Mponda akavua miwani. Alikuwa ameguswa, naapa.

"Ndugu zangu, tunapinga unyonyaji, kumbe sie wenyewe tunamnyonya mwenzetu humu humu ndani. Kama ni mfanyakazi, anastahili mapumziko."

Nikadhani ni utani. Haukuwa utani. Ilipigiwa kura na kuandikwa kwenye kumbukumbu za mkutano: mashine itazimwa saa tisa na nusu alasiri kama wafanyakazi wote, Jumamosi saa sita, Jumapili isiguswe. Na kwa kuwa mashine inapumzika, kiyoyozi nacho kizimwe, umeme ni mali ya umma.

Ningepinga vipi? Ukipinga wewe ndiye kupe, mnyonyaji wa wenzako.

Nikakimbilia kwa mkuu wa idara, msomi mzima mwenye shahada mbili. Akaniangalia, akasema, "Si wewe uliyesema ni mfanyakazi?" Akarudi kwenye gazeti lake.

Basi mateso yakaanza. Jioni kiyoyozi kinazimwa, usiku kadi zinakunywa hewa ya bahari, asubuhi zimevimba. Nusu ya siku nazikausha, nusu nyingine nachomoa zilizotafunwa ili zitobolewe upya. Saa tisa na nusu Mponda anakuja na tabasamu lake, anazima swichi kubwa, anaiambia mashine, "Haya ndugu, kapumzike."

Anaiambia mashine! Nilikuwa natamani kulia.

Sasa ningebaki nachekesha tu hapa kama isingekuwa dada Sekela.

Sekela alikuwa mtafiti wetu, mwenyeji wa Tukuyu. Alikuwa ametembea vijiji arobaini vya kusini, vingine kwa miguu, akiuliza swali moja kubwa: kina mama wanatembea kwa muda gani kufuata maji? Wizara ilikuwa inasubiri orodha yake, iliyochapwa na mashine maana ya mkono haipokelewi, ili ichague vijiji vya kuchimbiwa visima. Kijiji kisichokuwemo kwenye orodha hakichaguliwi, kinasubiri mgawo mwingine, na hakuna aliyejua mgawo huo ni lini.

Gari la wizara lilikuwa lije Jumamosi asubuhi.

Ijumaa, saa tisa na robo, vilibaki vijiji vitatu. Kadi zake zilikuwa zimekauka, ziko tayari kwenye boksi mkononi mwangu. Nilihitaji saa moja tu. Mponda akatokea mlangoni.

"Mwenyekiti, naomba saa moja. Moja tu."

"Ndugu yangu, nikikuruhusu wewe nitakuwa nimevunja azimio la mkutano. Andika barua, tuitishe kikao."

Sekela akamsogelea. "Shikamoo, baba. Hawa watu niliwaambia mwenyewe, kwa mdomo wangu, kwamba wamo. Nilikula chakula chao."

"Marahaba, binti. Nakuelewa kabisa. Lakini utaratibu ni utaratibu."

Akazima. Ile sauti ya kiyoyozi kukata pumzi naisikia mpaka leo, na bado inaniuma.

Jumamosi kadi zilikuwa zimevimba tena. Nikazilazimisha, mashine ikazitafuna boksi zima. Saa tatu dereva wa wizara akapiga honi, akapewa orodha ya vijiji thelathini na saba, akaondoka.

Wiki iliyofuata kikao kilikaa. Walinielewa sana. Waliipa mashine ruhusa ya ovataimu. Ovataimu, wakuu! Orodha imeshakwenda.

Sekela hakunigombeza. Aliviandikia vile vijiji vitatu barua, akaeleza ukweli wote bila kuficha, maana ndivyo alivyokuwa. Baada ya muda kijiji kimoja kikajibu. Barua ya katibu wa kijiji, mwandiko wa kuchonga, na mhuri juu:

"Ndugu Mtafiti, barua yako tumeisoma mkutanoni na tumeelewa kuwa mashine ilikuwa mapumzikoni. Kina mama wanauliza kama azimio la kupumzika limepitishwa kwa mashine peke yake au na wao wamo, kwa sababu huku wanatoka alfajiri kufuata maji na kurudi adhuhuri. Tunasubiri maelekezo."

Hawakuwa wanakejeli. Walikuwa wanauliza.

Sekela akaiweka mezani kwangu. "Kaka, mie nimeshindwa. Jibu wewe, si ndo msemaji."

Niliandika "Ndugu Katibu," nikakwama hapo. Siku ya pili hivyo hivyo. Sikuijibu kamwe, na mimi ndiye niliyekuwa na maneno mengi kuliko wote mle ndani.

Kwa hiyo vijana wa IT, somo langu ni hili. Bosi akikuuliza kwa nini chumba cha server kinahitaji baridi, mwambie server itaungua, data zitapotea, na fulani ataumia. Mtaje kwa jina. Usiipambe mashine kwa maneno matamu ili upigiwe makofi. Mponda nilimlaumu miaka mingi, lakini yeye alifuata nilichosema mimi.

Haya, uwanja wenu. Nani mwingine aliponzwa na mdomo wake kazini? Na kama kuna mtu wa kusini huko ambaye bibi yake aliwahi kumsimulia habari za mashine iliyokuwa ikipumzika, aandike hapa chini, nimsalimie.