Insha Iliyomzika Bibi Akiwa Hai

Mwalimu wetu wa Kiswahili alikuja nyumbani kutoa pole kwa kifo cha bibi yangu, akamkuta bibi mwenyewe anapepeta uwele.

Nilikuwa darasa la nne, shule ya misheni pale Ulemo, enzi za Mwingereza. Wiki hiyo mwalimu alitupatia insha, "Siku Nisiyoisahau." Wenzangu waliandika habari za fisi, za nzige, za mkuu wa wilaya aliyepita na gari lake. Mimi sikuwa na siku ya namna hiyo. Nikaandika kwamba bibi, mama yake baba, aliyenilea tangu ninanyonya, amefariki. Sikupanga. Kalamu ilitangulia, mimi nikaifuata. Niliandika jinsi watu walivyojaa uani na jinsi shangazi alivyolia hadi sauti ikamkauka. Nilipofika kaburini nilitokwa na machozi ya kweli, daftari likaloa.

Mwalimu alikuwa mgeni, mtu wa Tanga, hajamaliza hata muhula mmoja kwetu. Jumamosi akaja na mkewe, wamebeba sukari imefungwa kwenye kanga. Nilikuwa natoka kisimani nikawaona mlangoni.

"Hodi wenyewe," mwalimu aliita kwa sauti ya msibani.

"Karibuni," bibi akajibu, ungo mkononi.

"Shikamoo, mama. Poleni sana na msiba."

"Marahaba. Msiba? Nani kafa?"

"Bibi wa mwanafunzi wangu."

"Bibi yake ni mimi."

Mke wa mwalimu alijiziba mdomo. Mwalimu akanigeukia, ndoo ya maji bado iko kichwani mwangu. Nilitaka kusema nimedanganya, lakini neno hilo halikukaa sawa, maana nilipokuwa naandika sikumdanganya mtu. Nilitaka kusema ni kweli, na bibi huyo hapo amesimama. Nikaitua ndoo.

"Ameandika nini huyu?" bibi akauliza. "Asome nisikie."

Mwalimu alikuwa na daftari langu. Nikasoma, sentensi moja Kiswahili, sentensi moja Kinyiramba, kwa sababu Kiswahili cha bibi kilikuwa cha salamu na sokoni tu. Kwenye kilio cha shangazi bibi alicheka. Tulipofika kaburini hakucheka tena.

"Kichwa changu mmekilaza upande gani?" aliniuliza.

"Sikuandika, bibi."

"Basi hujui kuzika."

Akaingia ndani, wageni akawaacha pale pale. Sikujua kama amekasirika. Jioni alinimiminia maziwa ya kibuyu, yale aliyokuwa akiwawekea wageni. Nikanywa kwa woga.

Jumatatu mwalimu alinichapa viboko vinne mbele ya darasa. Kisha akanirudishia daftari, na alama zangu zilikuwa za juu kuliko za wote.

"Mwalimu, viboko ni vya nini?"

"Vya uongo."

"Na alama?"

"Za uongo huo huo. Kaa chini."

Bibi alifariki kweli nikiwa chuo cha ualimu, mbali, Mwingereza bado anatawala. Barua ilichelewa, iliponifikia walikuwa wamekwisha kuanua matanga. Nilikaa kitandani nikayatafuta machozi, sikuyaona. Wenzangu wakanisifu kwa ujasiri. Haukuwa ujasiri. Nilijiona kama mtu anayeletewa habari anayoijua, na nikajiuliza kama nilimlilia mapema mno hata nikammaliza.

Baadaye nilifundisha fasihi chuo kikuu, miaka mingi, hadi nikaitwa profesa. Kila mwaka mwanafunzi mmoja aliuliza: mwandishi husema kweli au husema uongo? Nilijibu kwa maneno makubwa, wakayaandika. Hakuna aliyegundua kwamba mimi mwenyewe nilikuwa nauliza. Mwishowe niliacha kazi kabla ya wakati ili niandike. Watu walinishangaa, nami nilijishangaa.

Kitabu cha kwanza kilikuwa cha bibi. Niliandika mazishi yake kurasa tatu, kwa urahisi kabisa, ndipo nikakumbuka kwamba sikuwapo. Nikasafiri hadi Ulemo kumwuliza shangazi, naye sasa ni mzee wa mkongojo.

"Siku zake za mwisho alikutaja," shangazi alisema. "Tukataka kutuma mtu akuite. Akasema, mwacheni, ataandika."

"Alisema kwa uchungu au kwa furaha?"

"Mwanangu, mtu anakata roho, nitajuaje?"

Nikaomba nionyeshwe kaburi. Shangazi alinyoosha mkongojo kwenye shamba la alizeti. Mwanawe akasema hapana mama, ni kule karibu na kichuguu. Wakabishana. Niliomba dua ndogo katikati, sehemu zote mbili nikiziona.

Nikarudi, nikamaliza kitabu, kikachapwa. Watu wa kwetu wanaokisoma hunishika mkono na kuniambia, "Umesema kweli tupu, ilikuwa hivyo hivyo." Nami huwaitikia, asanteni.