Mgeni wa Karata Hatishwi

Jumapili iliyopita nilikuwa nachambua mchicha barazani kwangu hapa mjini, Area D. Mwanangu kajilaza kwenye mkeka na simu yake, anacheza poka na watu asiowajua. Akacheka peke yake. "Mama, kuna mgeni hapa hajui kitu. Namtisha mpaka akimbie!" Nikajikuta nimefoka, "Mgeni wa karata hatishwi!" Akanikodolea macho, maana hakujua kama mama yake aliwahi hata kushika karata. Nikarudi kwenye mchicha, ila nilikuwa natupa majani nabakiza vijiti.

Yeye sikumsimulia. Wewe ngoja nikusimulie.

Kijiji chetu kilikuwa upande wa Bahi, kwenye vumbi jekundu na upepo usiochoka. Tuliishi kwenye tembe la udongo la bibi, mzaa mama: bibi, mjomba, mimi, na mdogo wangu ambaye mama alifariki akimwacha bado mchanga. Kazi yangu ilikuwa kuchota maji, kutwanga uwele na kumbeba huyo mtoto mgongoni. Hadi leo nikisikia harufu ya mlenda mkavu ukichemka, mgongo unanikumbusha uzito wake.

Zizi letu lilikuwa limejaa. Utotoni nilijiona mtoto wa tajiri, loo! Kumbe hata mkia mmoja haukuwa wetu. Kwetu mtu anakuwekea ng'ombe wake zizini mwako: wewe unachunga na kunywa maziwa, lakini ng'ombe ni wake na ndama ni wake. Na ukimkuta ng'ombe kwenye zizi la mtu, huulizi ni wa nani. Ndiyo adabu. Wengine huficha mali kwa njia hiyo, na ubaya uko wapi? Mama jirani, mjane, alipofiwa, shemeji zake walimkomba kila kitu. Akabaki na ng'ombe mmoja mwekundu aliyewahi kumkimbizia kwetu. Maziwa ya yule mwekundu ndiyo yaliyokuwa yanamlea mdogo wangu. Mjane alikuwa akija asubuhi, anampakata mtoto huku bibi anakamua, na akiulizwa anafuata nini, anasema amekuja kuomba moto.

Baada ya mavuno ilikuwa karata. Mchezo wetu ulikuwa rahisi: kila mtu karata tatu, unaziona mwenyewe, unaweka karanga katikati. Mwenye moyo anaongeza, asiye na moyo anatupa karata zake chini, na wakibaki wawili wanafungua, mwenye karata kubwa anakusanya karanga zote. Mjomba alikuwa fundi. Alinifundisha mwenyewe, na nilicheza na watu wazima bila kuonewa huruma. "Anayejua ndiye anayeogopa," alikuwa akisema. "Mgeni haogopi, hajui cha kuogopa. Ukiwa na karata mbovu, mwachie. Ukiwa na nzuri, ongeza karanga mojamoja, atakufuata mpaka mwisho, kwa sababu mgeni anapenda kuona." Maneno ya dhahabu. Laiti angeyasikia mwenyewe!

Mwaka huo aliletwa mwalimu mpya, kijana wa Pwani, mpole, na baiskeli yake mpya. Jumapili moja alasiri akaja kutusalimu, akakaribishwa mkekani. Alikuwa hajui kitu. "Samahani, eti mfalme na bibi, nani mkubwa?" Watu wakavunjika mbavu. Lakini karata zikampenda. Karanga zikahamia kwake, na wenzi wa mjomba wakaanza uchokozi: "Fundi leo kapata fundi wake!" Nilimwona mjomba anabana midomo.

Mzunguko wa mwisho mimi nilishatupa zangu. Rundo limekuwa kubwa, wamebaki mjomba na mwalimu. Mjomba akanyoosha kidole zizini. "Naongeza yule mwekundu."

Sasa elewa. Hiyo ilikuwa lugha yetu tu. Mjomba alikuwa akiisema kila msimu, na watu wakisikia hucheka na kutupa karata, maana aliyetaja ng'ombe ana karata nzito, au anataka uamini anazo. Hakuna aliyewahi kumjibu.

Mwalimu akamtazama ng'ombe. Akatazama karata zake, kisha baiskeli iliyoegemea ukuta. "Mimi sina ng'ombe," akasema taratibu. "Basi naweka baiskeli. Tufungue?"

Kicheko kikakatika. Mjomba angesema ni utani, yakaisha. Lakini mbele ya wenzake waliokuwa wakimcheka? Mwanaume ale matapishi yake? Akafungua: mbili, nne, saba. Mwalimu alikuwa na wafalme wawili. "Nimeshinda, siyo?" akauliza, amefurahi kama mtoto. "Basi kesho asubuhi nitapita."

Na hakuna aliyemwambia. Kila mtu pale mkekani alijua mwekundu ni wa nani, lakini ungeanzaje kulisema jambo hilo hadharani? Ukilisema, shemeji za mjane watalisikia. Usiposema, mjane kaibiwa. Watu wakaaga mmojammoja, hawaangaliani. Bibi hakumgombeza mjomba. Alisema tu, "Umemchezea mtoto maziwa yake," akaingia ndani.

Asubuhi mwalimu akaja. Mjane alikuwa ameshafika, habari zilimkuta kisimani, na nyuma yake watu wamejaa. Mwalimu hajamaliza hata kusema shikamoo, mjane akapasua sauti: "Huyu ng'ombe ni wangu! Wangu mimi! Hakuna wa kumchukua!" Kisha akaondoka mbiombio, kanga imeshikwa kifuani, analia, na watu wote wakamfuata.

Mwalimu alibaki amesimama. Nilikuwa mlangoni na mtoto mgongoni, nikamsikia kila neno. "Bibi, nisamehe. Mimi nimepanga chumba kimoja, ng'ombe ningemweka wapi? Nilikuja kuomba abaki hapahapa, mtoto aendelee kunywa, na mimi nipate kikombe tu cha chai." Bibi akaketi chini. Jamani! Kijiji kizima tulimwogopa mtu ambaye hakuwa na nia yoyote.

Mchana shemeji za mjane, habari zimeshawafikia, wakaja, wakamswaga mwekundu. Ndani ya wiki wenye ng'ombe wengine nao wakachukua wao. Nani amwachie mali mtu anayeiweka karatani? Zizi likabaki samadi na inzi. Bibi alihangaika na uji mwepesi wa uwele, akaomba maziwa ya mbuzi nyumba hadi nyumba. Mvua hazijaanza, tukamzika mdogo wangu. Mjomba alikwenda machimboni na hakurudi. Mjane hakuja msibani, na watu walimsema sana.

Siku hizi kule hakuna anayemwekea mwenzake ng'ombe. Mtu akipata ndama anauza, hela inaingia kwenye simu, siri yake na simu yake. Tembe zimebomoka, bati zinawaka jua, na jirani ni mtu wa kusalimiana naye tu. Mwanangu anaona ni maendeleo. Mimi zizi lile linanijia kila napokunywa chai ya maziwa, na sijawahi kuimaliza kwa raha.

Baada ya Jumapili ile ya mchicha sikuweza kutulia, nikapanda basi nikaenda kijijini. Yule mjane yupo, mzee sana, macho yamefifia. "Shikamoo, mama." "Marahaba. Wewe ni yule wa mtoto mgongoni." Tukakaa. Kisha akaniambia, bila mimi kuuliza, "Sikuja kumzika mdogo wako. Niliona nimemuua mimi, na mdomo wangu." Akanishika mkono. "Wewe ulikuwepo pale. Ningenyamaza, mwalimu angemchukua ng'ombe kweli?"

Nikamtazama usoni.

"Angemchukua, mama," nikamwambia. "Asubuhi ileile. Alikuja na kamba."

Akashusha pumzi ndefu, akaniachia mkono, akaniuliza kama nimekula.