Nyuma ya Kiti Kitupu

Jumapili, katika ukumbi wa kanisa huku ugenini, mtaa wa Overport, chama chetu cha Wakongomani kilichagua mwenyekiti. Desturi yetu ni kupanga mstari nyuma ya kiti cha mgombea. Duru ya kwanza iko wazi kwa yeyote kugombea au kupanga mstari, mwanachama au mgeni. Wenye mistari miwili mirefu zaidi ndio wanaobaki kwa duru ya pili.

Mama mmoja msusi, mtoto mgongoni, alisimama nyuma ya mgombea aliyeahidi kulinda chumba tunacholelea watoto, akina mama wakiwa saluni. Mgombea huyo akawa wa tatu, akaenda zake. Kiti chake kikabaki.

Mama akawauliza waliosalia, “Ba papa, na chumba ya batoto?”

“Tutaipangisha kwa wenye mizigo ya kuweka,” wakajibu wote wawili kwa pamoja, neno kwa neno, kama koo ni moja. Hakuna aliyecheka.

“Chagua basi, mama,” msimamizi wa uchaguzi akamhimiza. “Iko bawili!”

“Eish, papa. Mi naona mutu moja tu.”

Akarudi nyuma ya kiti kitupu, akasimama. Mtoto mgongoni akaanza kukipungia kiti mkono, taratibu, akitabasamu.

Nilipofundisha chekechea, sikuwauliza watoto kama wanataka kulala. Niliuliza, “Mkeka wa bluu au wa kijani?” Wakachagua kwa furaha, wakalala.

Jumapili mistari miwili ilijaa watu wazima. Waliokuwa macho ni mama yule, na mwanawe aliyeendelea kupunga mkono.