Damu Iliyozidi Nilipoacha Vidonge

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu habari za leo. Mimi ni Nakunda, mkulima wa huku Chome, milimani juu ya Same. Zamani nilikuwa napandisha mlima na gunia la maharage kichwani bila kupumzika. Nilikuwa na mtoto mmoja, Neema. Baada ya kumzaa nilitumia vidonge vya majira, vya kupanga uzazi, kwa miaka kadhaa. Hedhi ilikuwa ikija kidogo tu, kisha inakata.

Neema alipoanza shule, mimi na baba yake tukataka mtoto mwingine. Nikaacha vidonge. Hedhi ikarudi nzito, na kila mwezi ikazidi. Ilitoka na mabonge, kitambaa kinalowa kabla sijamaliza kufagia uwanja. Tumbo la chini likawa gumu. Nikawa nahema hata nikiinama kufunga viatu.

Mama mkwe akasema, "Vile vidonge vimekuozesha kizazi. Kunywa mizizi usafike."

Nikanywa, damu haikukoma. Zahanati wakanipa dawa ya kuongeza damu, wakaniambia niteremke Same nikapimwe tumbo. Lakini mvua ilikuwa imekata barabara. Tukiwa tunasubiri, nikaanguka shambani. Wifi yangu alinikuta nimelala kwenye damu. Wanaume walinibeba kwa machela, wakivuka matope, hadi tulipopata gari.

Daktari wa Same alifunua kope zangu, akaagiza nipimwe damu na tumbo. Baada ya vipimo akasema, "Mama, una uvimbe mkubwa kwenye kizazi. Haukuletwa na vidonge. Huenda ulikuwepo, ila vidonge vilipunguza damu, ndiyo maana hukuujua."

"Nitazaa tena?"

"Tutajaribu kutoa uvimbe peke yake. Damu ikikataa kusimama, tutatoa na kizazi."

Baba Neema akatoa damu yake niongezewe. Mimi nikaingizwa kupasuliwa.

Nilipozinduka, wifi alikuwa kando ya kitanda, anaangalia dirishani.

"Wametoa na kizazi?" nikamuuliza.

"Wametoa, wifi. Ila upo."

Niligeukia ukutani. Mshono uliniuma nilipolia, nikawa nalia bila sauti.

Nyumbani mama mkwe alikaa akanitazama, kisha akamwambia mwanawe, "Basi nyumba hii itabaki na mtoto mmoja."

Baba Neema akajibu, "Mama, huyo mmoja ana mama yake."

Sasa napalilia tena, polepole. Sitawadanganya kwamba yamekwisha. Nikisikia jirani kajifungua, naenda kumpongeza, halafu narudi kujifungia ndani. Lakini Neema akirudi kutoka shule ananikuta, na kwa hilo namshukuru Mungu na wote walionibeba.

Dada zangu, ukiacha vidonge ukaona damu inazidi mwezi hadi mwezi, usikae ukiambiwa ni uchafu unatoka. Nenda ukapimwe mapema. Mimi nilifika hospitali nimebebwa. Ninyi nendeni kwa miguu yenu.