Mdomo wa Bwana Rula

Dada yangu akirudi kutoka kazini haongei. Anavua viatu mlangoni, anajitupa kwenye kochi, na akitaka chumvi mezani ananyoosha kidole tu. Mume wake kazoea. Huwaambia watoto, "Msimsumbue mama yenu, leo ofisi imefungwa." Watu wanadhani kazi ya ukalimani ni kukaa kwenye kiti cha kuzunguka na kupiga domo. Wangejua! Heri mimi ninayepanga viatu kwenye maboksi kutwa nzima, maana mgongo ukiuma najua ni mgongo.

Kiwanda chetu cha viatu kilinunuliwa na wageni, na mkurugenzi waliyemleta tulimbatiza Bwana Rula, kwa sababu amenyooka mwili na maneno. Hana salamu za "habari za nyumbani" wala "watoto hawajambo". Kazi ikiwa mbaya anasema ni mbaya, mbele ya watu, uso mkavu, halafu mchana anakaa nawe meza moja anakula na kucheka kana kwamba hakuna kilichotokea. Kwao hiyo ndiyo heshima, kumwambia mtu mzima ukweli kama mtu mzima. Kwetu ukifanya hivyo umemvua mtu nguo.

Katikati hapo ndipo alipowekwa dada. Alisomea huko huko kwao, lugha yao inamtiririka mdomoni. Bwana Rula akisema, "Huyu ni mvivu," dada anamgeukia mhusika: "Mkurugenzi anaona umechoka, anaomba ujikaze kidogo." Sisi tukisema tumechoshwa na amri zake, dada anamwambia kwamba wafanyakazi wana mapendekezo. Miaka yote hiyo hatukugoma hata siku moja, na nasema bila aibu kwamba kiwanda kile kilisimama juu ya ulimi wa dada yangu. Nani alimshukuru? Labda mimi, na mimi nilikuwa namtania tu.

Sasa njoo kwa mjomba. Mjomba wetu, mdogo wake mama, ndiye aliyetulea baada ya wazazi kufariki, na pale kiwandani ndiye aliyekuwa fundi mkuu wa soli. Bwana Rula alileta mashine mpya ya kubandika soli. Aliichagua mwenyewe kwao na siku ilipofungwa alipiga nayo picha. Basi mashine ile ilikuwa haishiki moto sawasawa. Viatu vilitoka vinameremeta, lakini mteja akivivaa siku chache, soli inaachama. Mjomba alijua tangu mwanzo. Lakini angesemaje? Asimame mbele ya vijana amwambie mkubwa wa kazi kwamba mashine yake ni kopo? Mjomba hawezi kumwaibisha mtu hivyo, hata mtoto mdogo. Akawa anangoja aitwe pembeni, wanywe chai wawili, mazungumzo yafike yenyewe kwenye mashine. Atangoja sana! Bwana Rula hana chai za pembeni. Yeye anaitisha kikao, anauliza kama kuna tatizo, asiposikia kitu anafunga kikao akiamini mambo ni safi.

Viatu vikaanza kurudishwa. Bwana Rula akamwita mjomba ofisini, akamwambia kazi yake ni ovyo na isipobadilika atamfukuza. Dada akamtazama mjomba, yule yule aliyekuwa akimfunga kamba za viatu kila asubuhi kwenda shule, ulimi ukawa mzito. "Mkurugenzi anauheshimu sana ufundi wako, mjomba," akasema. "Anaomba tu soli ziangaliwe zaidi."

"Mwambie tutajitahidi, asiwe na wasiwasi," mjomba akajibu.

Mtu yeyote wa kwetu angesikia hapo kwamba kuna jambo limekwama. Dada naye alisikia, aliniambia mwenyewe baadaye. Lakini alikuwa amechoka, na kuanza kulifafanua lile kungekuwa kazi nyingine nzima, akalipitisha kama lilivyo. Bwana Rula akapokea ahadi.

Mjomba akaitwa hivyo tena na tena. Kila mara mjomba alitoka ofisini kifua mbele, akituambia bosi anamkubali. Mimi nikimtafuta dada kwa macho, anajifanya anafunga mkoba.

Siku yenyewe nilikuwepo, nilikuwa nimepeleka sampuli za maboksi ofisini. Bwana Rula hakukaa. Alisema maneno machache, dada akasawijika, nikajua maji yamezidi unga.

"Mjomba," dada akasema, "mkurugenzi anakushukuru kwa miaka yako yote. Anaona sasa umefika wakati wa wewe kupumzika."

Mjomba akatabasamu mpaka jino la mwisho. Akampa Bwana Rula mkono, akashukuru, akasema likizo hakuitegemea mwaka huu ila kwanza acha amalize viatu vya leo. Akatoka. Kupitia kioo tukamwona anavaa aproni na kurudi kwenye mashine yake.

Jamani! Nilitaka kucheka, kicheko kikagoma.

Bwana Rula akakodoa macho, akamuuliza dada kitu taratibu. Hata mimi nisiyejua lugha yao nilielewa kwamba anauliza kama kweli amemwambia. Dada alifungua mlango, akavuka ukumbi wa mashine, sisi wote nyuma yake. Kelele zilimlazimisha apaze sauti.

"Mjomba, umefukuzwa kazi."

Mashine za jirani zikazimwa.

"Nani kasema?"

"Yeye. Alishakuonya mara nyingi. Mimi nilikuwa nayalainisha."

Mjomba akavua miwani. "Kwa hiyo kila nilipotoka mle najisifu, wewe ulikuwa unajua."

"Nilikuwa nakuonea huruma, mjomba."

Mjomba alimgeukia Bwana Rula na kusema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia nyumbani. "Mwambie mashine yake ni mbovu. Haishiki moto. Nimejua tangu siku ya kwanza."

Dada akatafsiri. Bwana Rula akauliza kwa nini hakuambiwa, wakati kila kikao aliuliza.

"Aliuliza mbele ya watu," mjomba akasema.

Bwana Rula akaitazama mashine, akamtazama mjomba. Nitampa haki yake, hana kinyongo. Akasema basi kosa ni la mashine, fundi wa kuitengeneza ataitwa, na mjomba abaki kazini. Tulipiga makofi, mimi nikapiga na kigelegele. Dada akafuta jasho, akacheka kidogo, nikaona mabega yake yanashuka.

Mjomba akainua mkono tunyamaze.

"Mwambie nitabaki," akasema taratibu. "Na mwambie anitafutie mtu mwingine wa kunisemea. Huyu simwamini tena."

Loo, moyo ulinipasuka. Nilimwomba Mungu dada alilainishe, hilo moja tu, aseme mjomba anaona ana kazi nyingi, aseme chochote. Dada akamgeukia Bwana Rula, akalisema lote. Najua alilisema lote, kwa sababu alipofika kwenye "huyu" alijigusa kifuani kwa kidole.