Tabibu wa Mbuzi Aomba Nafasi ya Udaktari

Kwa miaka kumi na sita Lesiamon alidunga sindano ng'ombe na mbuzi wa Kajiado, akizunguka maboma ya wafugaji kwa pikipiki ya idara ya mifugo. Alipomaliza kidato cha sita alikosa nafasi ya udaktari kwa pointi moja tu, akapelekwa chuo cha mifugo. Hakulalamika. Kazi aliipenda.

Siku moja mwaka wa 2001, mkewe Nthenya, mwalimu wa shule ya msingi Kitengela, alirudi nyumbani na gazeti. Chuo kikuu kilitangaza nafasi za udaktari kwa wanaojilipia.

"Baba Yvonne, soma hapa."

Alisoma, akalikunja. "Hii ni ya watoto. Mimi niko na miaka thelathini na minane."

"Wameandika umri wapi?"

Alilikunjua tena. Hawakuwa wameandika.

"Na karo?"

"Si tuko na ile ploti ya kuuza? Ploti haitaenda shule. Wewe utaenda."

Nthenya alijaza fomu kwa mwandiko wake wa ubaoni. Miezi minne baadaye ikaja barua ya mistari miwili: hakuchaguliwa. Lesiamon aliitia kwenye droo, akaenda kuchanja ng'ombe Isinya. Mwaka uliofuata Nthenya alijaza fomu nyingine bila kumwuliza. Safari hii Lesiamon aliitwa kuhojiwa.

Alikuta maprofesa watatu mezani. Aliyekaa katikati, mama wa makamo mwenye miwani, alisoma fomu yake.

"Bwana Lesiamon, wewe umezoea mbuzi. Mbuzi akipungukiwa na damu, unajuaje?"

"Namfungua jicho, Profesa. Natazama hapa chini ndani. Pakiwa peupe, damu imepungua, na mara nyingi ni minyoo."

"Hebu nionyeshe." Akavua miwani.

Lesiamon aliomba ruhusa, akainama, akavuta kope ya chini kwa kidole gumba. Kisha akatazama na jicho la pili.

"Vipi?"

"Kama ungekuwa mbuzi, ningekupa dawa ya minyoo," alisema polepole. "Lakini kwa vile ni wewe, Profesa, tafadhali upimwe damu wiki hii."

Wale wawili waliinamia karatasi zao. Profesa alivaa miwani, akamshukuru, akamwambia anaweza kwenda.

"Ulimwita profesa mbuzi?" Nthenya alishika kichwa jioni hiyo nyumbani.

"Nilisema *kama*."

Lakini barua iliyokuja ilikuwa ya kumkaribisha.

Darasani wenzake walikuwa na miaka kumi na tisa, ishirini. Kemia ilimtoa jasho. Msichana mmoja, Dolphine, alimfundisha kila Ijumaa, naye Lesiamon alisimama kando yake siku ya kwanza ya kupasua maiti, Dolphine alipogeukia mlango. Yule profesa aliwafundisha mwaka wa tatu. Hakusema neno kuhusu damu, na Lesiamon hakuuliza.

Alihitimu mwaka wa 2008, akapangiwa mafunzo ya kazi katika hospitali ya wilaya, Kajiado. Siku ya kwanza alipokea wagonjwa thelathini na mmoja, wengi wao akina mama waliofurahi kueleza maumivu yao kwa Kimaasai bila mtu wa kuwatafsiria. Jioni alivua viatu mlangoni, akala sahani mbili za githeri, akamwambia Nthenya kwamba miguu inawaka moto na kesho wanamtaka saa moja kamili.